Kodi Hufuata Kalenda ya Mpangaji

Ukifika Kisian kutoka Kisumu, pale barabara inapogawanyika, moja ikiendelea Maseno na Busia na nyingine ikishika njia ya Bondo, utaona jinsi mashamba ya mahindi na mtama yanavyogeuka ploti. Safu za vyumba vya kupanga zinajengwa nyuma ya maduka, karibu na reli ya Butere na kwenye njia za kuteremka ziwani. Wengi wanaozijenga ni wenyeji wa hapo: mwalimu mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote kwenye vyumba kumi, mjane anayesomesha watoto kwa vyumba vinne, kijana aliye Nairobi anayemtumia kaka yake pesa za saruji kila mwezi. Makala haya yanawalenga hao, watu wa vyumba vichache ambao hasara ya mwezi mmoja wanaihisi mezani. Hoja yangu ni moja: kodi hailetwi na ukali wa mwenye nyumba, wala haizuiwi na upole wake. Huletwa na mpango wa malipo unaolingana na siku ambazo pesa humfikia mpangaji, ukaandikwa, ukafuatwa na pande zote mbili.

Mkataba wa kawaida, wa maandishi au wa mdomo, husema kodi ilipwe kabla ya tarehe 5. Tarehe hiyo imeazimwa kutoka kwa maisha ya mtu wa mshahara, na Kisian ina watu wa mshahara. Kituo kikubwa cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kiko hapo hapo, na kuna walimu, wauguzi na wafanyakazi wanaokwenda mjini asubuhi na kurudi jioni. Lakini katika ploti hiyo hiyo utamkuta mwendesha boda boda anayepata pesa kwa siku, fundi mwashi anayelipwa Jumamosi kazi ikiwepo, mwanafunzi anayengoja mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mama anayenunua omena ufuoni, kuianika na kuiuza sokoni. Huyu wa mwisho kalenda yake iko angani. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi mingi hukaa ufuoni, na kwa siku kadhaa mama huyo hana cha kuanika. Juu ya hayo kuna miezi ya Aprili hadi Julai ambapo uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka ili samaki wazaane. Mbalamwezi ikiangukia mwanzo wa mwezi, kumdai kodi tarehe 5 ni kumdai siku ambayo hakika hana, ilhali tarehe 18 angelipa bila hata kukumbushwa.

Hata mshahara wenyewe si nguzo imara kama tunavyodhani. Kazi nyingi za utafiti na afya katika eneo hili ni za mikataba ya miradi inayolipiwa na wafadhili wa nje, na mradi ukiisha mshahara nao huisha. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa miradi ya afya Kisumu na kaunti jirani waliambiwa wakae nyumbani, na wenye nyumba waliokuwa wakijivunia wapangaji wa uhakika wakajikuta wakisikiliza maombi ya kuongezewa muda. Mwaka 2020 pigo liliwaangukia waliojengea wanafunzi: vyuo vilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na vyumba vikakaa vitupu kwa miezi. Kuna pia mabonde ya kipato tunayoyajua sote. Januari ni mwezi wa karo na sare za shule. Matanga huja bila miadi, na mtu wa Nyanza hawezi kukosa kusafiri na kuchanga. Mwenye nyumba anayeshangazwa na haya kila mwaka hajaamua bado kuyaweka katika hesabu zake.

Hapa lazima tutenganishe watu wawili ambao tumezoea kuwatia kapu moja: anayechelewa na asiyelipa. Chombo cha kuwatenganisha ni daftari la shilingi chache. Mpe kila mpangaji ukurasa wake, uugawe safu nne: tarehe, kiasi, njia ya malipo, na salio. Tuseme kodi ni shilingi 3,000. Ukurasa wa mama wa omena kwa mwezi wa Machi unaonyesha 800 tarehe 4, 800 tarehe 11, 600 tarehe 19, na 800 tarehe 27. Salio ni sufuri. Kwa kipimo cha tarehe 5 huyu ni mdaiwa sugu, lakini kwa kipimo cha mwezi hadaiwi hata ndururu. Ukurasa wa jirani yake unaonyesha 3,000 tarehe 5 Januari, 2,000 tarehe 5 Februari na 1,500 tarehe 5 Machi. Huyu hajachelewa hata siku moja, ila salio lake limetoka sufuri likawa 1,000, kisha 2,500. Mwenye nyumba anayetazama tarehe tu atagombana na yule wa kwanza na kumsifu wa pili mpaka deni limshinde kulipa. Kitu cha kuangaliwa ni salio: je, hurudi sufuri kila mwezi au kila msimu, au hupanda ngazi? Likipanda miezi miwili mfululizo, hapo ndipo pa kubisha mlango, kwa adabu, na kuuliza kumetokea nini. Wakati huo deni bado ni dogo kiasi cha kulipika, na aibu haijamfanya mtu aanze kurudi nyumbani saa tano usiku ili asionekane.

Kwa nini usumbuke namna hiyo badala ya kumwambia ahame? Kwa sababu chumba kitupu ni ghali kuliko watu wengi wanavyohesabu. Chukua chumba kile cha 3,000. Mpangaji anayelipa kwa vipande hukupa 36,000 kwa mwaka, sawa na yule wa tarehe 5. Ukimfukuza na chumba kikakaa miezi miwili bila mtu, umepoteza 6,000 papo hapo, kabla ya rangi, kitasa na malipo ya wakala aliyekuletea mtu. Ili kuzirudisha hizo 6,000 peke yake itabidi mpangaji mpya alipe 500 zaidi kila mwezi kwa mwaka mzima, na akiona vyumba vingine vya 3,000 hapo ng'ambo ya barabara hatakubali. Vyumba vinazidi kujengwa kati ya Otonglo, upande wa Kisumu, na Kisian. Mpangaji ana pengi pa kwenda kuliko zamani. Zaidi ya hayo, yule aliyekaa miaka mitatu tayari unaijua tabia yake, wakati mpya hujui atakuja na nini.

Mpango wenyewe basi uweje? Siku mtu anapokuja kuona chumba, kabla ya kumwonyesha bomba na choo, muulize anafanya kazi gani na pesa humfikia lini. Si kumchunguza, ni kupanga. Wa mshahara muwekee tarehe inayofuata siku yake ya mshahara. Wa pesa ya kila siku mpe malipo ya kila wiki, robo ya kodi katika kila moja ya Jumapili nne za kwanza za mwezi, kupitia M-Pesa ili kila shilingi iache alama. Mwanafunzi na alipe muhula mzima au nusu yake mapema pesa inapoingia, kwa sababu pesa ya mkopo ikishaingia simuni haikai. Wa omena na wavuvi waombe waweke akiba ya kodi katika miezi mizuri, Agosti na kuendelea, itakayowavusha Aprili hadi Julai. Na akiba hiyo uiandike katika ukurasa wa kila mmoja kama pesa yake, ili ikitokea akahama ijulikane ni kiasi gani anarudishiwa. Yote yawe katika karatasi moja ya Kiswahili au Kidholuo ambayo kila mmoja ametia sahihi na kubaki na nakala.

Najua jibu la wengi: ukilegeza hivyo watakupanda kichwani, wote watajifanya wavuvi. Pingamizi hili lina uzito, na mimi silipuuzi. Ulegevu kweli huharibu ploti. Mpangaji mmoja akisamehewa kwa machozi, kesho watatu watakuja na machozi. Lakini tazama ulegevu ni nini hasa: ni kubadilisha masharti baada ya deni kuingia, kwa mtu mmoja, kwa sababu amekuomba vizuri au mnatoka kijiji kimoja. Ninachopendekeza ni masharti yaliyowekwa kabla, yanayojulikana, na yenye mwisho. Mpangaji wa kila wiki akikosa wiki mbili bila kusema, anarudi kwenye malipo ya mwezi. Salio likifika kodi ya mwezi mmoja, anapata barua. Likifika miezi miwili, anapewa notisi ya kuhama. Sheria hizo zimhusu shemeji yako kama zinavyomhusu mgeni kutoka Kakamega. Hapo hakuna wa kukupanda kichwani, kwa kuwa uamuzi uliufanya siku ya kwanza na karatasi ndiyo inayozungumza. Kwa kweli ukali wa kawaida una ulegevu ndani yake: mwenye nyumba hufoka tarehe 6, hutishia tarehe 15, kisha hunyamaza hadi mwezi ujao. Wapangaji hujifunza haraka kwamba kelele hizo hazina hatua nyuma yake.

Wengine husema lugha pekee inayoeleweka ni kufuli. Mpangaji akidaiwa, mlango hupigwa kufuli ya pili, stima hukatwa, au mabati ya paa hung'olewa akiwa kazini. Mazoea haya yameenea, na ni hatari kwa anayeyafanya. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296 ya sheria za Kenya, bado inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vingi vya pembezoni mwa Kisumu viko humo bila wenyewe kujua. Katika nyumba hizo kodi haipandishwi wala mpangaji hatolewi bila idhini ya jopo lililowekwa na sheria hiyo. Zinazozidi hapo hazijaachwa porini: chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, upangaji wa mwezi kwa mwezi husitishwa kwa notisi isiyopungua mwezi, na anayekataa kutoka hutolewa kwa amri ya mahakama. Deni nalo lina njia yake. Sura ya 293 inakuruhusu kukamata mali ya mpangaji kufidia kodi, lakini kupitia dalali mwenye leseni, si kwa vijana wa mtaa unaowapa pesa ya chai. Ukibeba televisheni ya mtu kwa mkono wako, siku hiyo unageuka wewe mshtakiwa, na deni lake linaweza kumezwa na fidia utakayoamriwa kulipa.

Kwa wale wenye maduka mbele ya ploti, mambo ni magumu zaidi na wengi huyajua wakiwa wamechelewa. Duka, hoteli au kibanda cha chakula kilichopangishwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, huwa chini ya Sura ya 301. Huwezi kumwambia mwenye kinyozi ahame mwisho wa mwezi. Notisi ni ya fomu maalum, ya miezi miwili au zaidi, na yeye ana haki ya kupeleka pingamizi katika jopo la kodi za majengo ya biashara. Hata kumpandishia kodi hupitia njia hiyo hiyo. Ukitaka uhuru zaidi katika maduka, ongea na wakili kabla ya kumpa mtu funguo.

Pingamizi lingine ni la mikopo na ushuru. Sacco haingojei mwezi uzame ziwani, husema wenye nyumba, na mamlaka ya ushuru, KRA, haingojei yeyote. Ni kweli. Ushuru wa kodi za nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kutoka asilimia 10 ya awali, na huwahusu wanaopokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Vyumba kumi vya 3,000 tayari viko ndani: 30,000 kwa mwezi, ushuru 2,250, ulipwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hakuna kutoa gharama za ukarabati kwanza. Lakini angalia vizuri, tarehe hiyo ya 20 inakupa nafasi. Na mkopo wa sacco hulipika vizuri zaidi kwa mapato yanayoingia kila wiki kuliko kwa matumaini kwamba wote kumi watalipa tarehe 5. Siku ukichukua mkopo, ufanyie hesabu kwa vyumba vinane badala ya kumi. Viwili hivyo ni vya Januari, vya matanga, na vya miradi inayofungwa ghafla. Kama ujenzi haulipiki kwa vyumba vinane, tatizo lilianza benki, na kumfokea mpangaji hakutalimaliza.

Kuna gharama ambazo mwenye nyumba humtwika mpangaji bila kujua, zikarudi kwake kama kodi isiyolipwa. Chukua stima. Kwa viwango vya sasa vya bei ya umeme, nyumba inayotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini. Vyumba kumi vikichangia mita moja, matumizi yao yakijumlishwa yanavuka mipaka yote na kila mmoja analipa bei ya mkubwa, hata yule mwenye taa moja na simu ya kuchaji. Mita ndogo za ndani zitaonyesha nani ametumia kiasi gani na kupunguza ugomvi wa tokeni, ila bei haitashuka. Bei hushuka kila chumba kikiwa na mita yake ya Kenya Power. Maji pia: mpangaji anayenunua mitungi ya mkokoteni kila siku kwa sababu tangi la ploti limepasuka anatumia pesa ambazo zingekuwa kodi yako.

Na kuna malaria. Ukanda huu wa ziwa una malaria nyingi kuliko sehemu yoyote ya Kenya, na ni watafiti wa KEMRI na wa CDC ya Marekani, wenye kituo hapo Kisian, waliofanya katika eneo la Asembo mwishoni mwa miaka ya 1990 utafiti ulioonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto. Chandarua ni cha mpangaji, lakini nyavu za madirishani, dari, na kuziba mwanya kati ya ukuta na paa ni kazi ya aliyejenga. Mtoto akiugua, pesa ya kwanza kuondoka ni ya kodi, kwa sababu hospitali haikopeshi na mwenye nyumba hukopesha apende asipende. Vivyo hivyo na vyoo. Kwenye sehemu za chini karibu na ziwa maji ya ardhini hayako mbali, mvua za Machi hadi Mei hujaza mashimo, na mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likaingia nyumba za watu. Choo kilichoinuliwa na kujengewa ukuta chini ni ghali siku ya kwanza. Kile kinachofurika kila masika hukufukuzia wapangaji wa familia, ambao ndio hukaa muda mrefu.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha, nalo ni familia ya mwenye nyumba. Ploti nyingi za Kisian ziko juu ya ardhi ya ukoo ambayo hati yake bado ina jina la babu. Ndugu wawili wamejenga safu moja, mmoja hapo nyumbani na mwingine yuko mbali. Mpangaji analipa kwa huyu, yule anapiga simu kusema hajaona kitu, keretaka, yule anayeisimamia ploti, naye ana lake, na mwishoni mpangaji hujifunza kumlipa yule anayedai kidogo au kutomlipa yeyote. Kabla ya kumlaumu, kaeni kikao cha familia. Amueni nambari moja ya kupokea kodi, mtu mmoja wa kutoa risiti, na mgao unaofanyika baada ya pesa kuingia, wapangaji wasiujue. Keretaka apewe mshahara unaojulikana na asishike pesa taslimu. Na suala la urithi lipelekwe mahakamani wakati wazee wanaojua mipaka bado wako hai, kwa sababu mgogoro wa ardhi ukifika kortini, wapangaji ndio watakaoambiwa wasilipe upande wowote.

Mwisho ni siku ya kuhama, ambayo huharibiwa na amana. Siku anapoingia, zungukeni chumba pamoja, mpige picha kuta, kitasa, dirisha na soketi, na mziambatanishe na mkataba. Andika ni vitu gani vitakatwa kwenye amana na kwa bei gani: kioo kilichovunjika, funguo zilizopotea, maji ambayo hayajalipwa. Uchakavu wa kawaida wa rangi baada ya miaka miwili si deni lake. Amana yenyewe isiguswe. Iweke katika akaunti tofauti, kwani wengi huinunulia mabati na kisha kumwambia anayeondoka angoje hadi apatikane mpangaji mwingine. Mlipe siku anayokabidhi funguo, mbele ya keretaka, na atie sahihi ukurasa wake kwenye daftari. Mtu aliyeondoka Kisian hivyo ndiye atakayeulizwa na mwenzake mpya kazini, au na binti wa dada yake anayeanza chuo, kama kule alikotoka kuna chumba.